Kituo cha Baba Kimeandikwa Sifuri

Jumapili, Kibondo. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na baridi ya kuvaa sweta mbili. Niliamka na moyo mzito, na sasa umezidi.

Nimemwambia baba.

Amenisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu vyake vya kazini, akatoka bila mwavuli. Mama ameniuliza baba yako anakwenda wapi na mvua hii. Nikasema anakwenda kwa Mzee Zabroni. Mama akaacha kuchambua maharage, maana baba na Mzee Zabroni hawajasemeshana kwa wiki tatu, na sisi sote humu ndani tumejifunza kutolitaja jina hilo.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na nikilia mama ataniuliza, na nikiulizwa nitasema. Bado sina nguvu ya kulisema mara ya pili. Mnaonisoma hapa ni wachache na hakuna anayenijua kwa sura. Afadhali iwe hivyo.

Nianze mwanzo. Baba ni msimamizi wa kituo cha mafuta hapa Kibondo. Watu wa huku huita kila kituo sheli, kampuni iwe yoyote. Hiki ni cha kampuni kubwa ambayo sitaitaja, yenye makao makuu pwani, wakurugenzi wenye tai na vituo nchi nzima. Baba hana tai. Ana fulana ya kampuni, fimbo ya kupimia mafuta na daftari.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla pampu hazijawashwa, anafungua mfuniko wa tangi lililo chini ya ardhi, anatumbukiza fimbo, anaitoa, anasoma mahali mafuta yalipoishia. Anasoma kwa sauti. Mzee Zabroni, mhudumu wa pampu, husimama pembeni na daftari na kuandika. Mmoja asome, mwingine aandike, ili asitokee mtu wa kusema fulani kaongeza au kapunguza. Wamefanya hivyo miaka kumi na tatu hapa Kibondo, na kabla ya hapo walifanya hivyohivyo kambini Mtabila, walikokuwa wanatunza mafuta ya magari na jenereta za mashirika. Walikuwa wakimbizi wawili kutoka Burundi, vibanda vyao vinatazamana. Kambi ilipofungwa wenzao wengi walirudi. Wao walikuwa wameoa huku (mama yangu ni Muha wa Makere), wakabaki, wakahangaika na makaratasi ya uraia mpaka wakayapata, wakaomba kazi kituo kimoja.

Baba hajawahi kuidanganya fimbo. Nilipokuwa sekondari bomba lilivuja, tangi likasoma pungufu. Mzee Zabroni akasema kwa utani, tuandike jana tulisoma vibaya. Baba akachukua kalamu akaandika upungufu mwenyewe, na mwezi ule mshahara wake ukakatwa. Tulikula muhogo na kisamvu mpaka tukauchukia, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti.

Shikeni hilo. Nitalirudia.

Mimi naishi Kasulu. Natunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi la Bi Rukia, na nasoma shahada ya uhasibu kwa masafa. Mwezi wa nane tulipewa kazi: chagua kampuni kubwa, chambua taarifa zake za fedha, kokotoa uwiano wote uliofundishwa, kisha ushauri menejimenti. Wenzangu walichagua mabenki. Mimi nikachagua kampuni iliyoandikwa kwenye fulana ya baba. Nilitaka kumfurahisha, na nilitaka pia kuona kwa macho yangu hiyo nyumba kubwa ambayo baba ameilinda mlango mmoja miaka yote.

Nakiri, napenda uwiano. Namba ikiwa peke yake haisemi kitu. Ukiniambia kampuni imepata faida ya mabilioni, nitakuuliza mabilioni hayo kwa mtaji gani, na kwa deni la nani. Bi Rukia alinikuta mchana mmoja nimetandaza makaratasi juu ya mabati. Watu wake ni wa Tanga, na Kasulu haijaupunguza ulimi wake. Akasema, "Mwenzangu wewe, wawahesabia matajiri mali yao! Hao wenyewe wakujua hata jina?" Nikacheka. Nikamwambia watanijua tu.

Nilianza na ukwasi. Mali za muda mfupi, gawanya kwa madeni ya muda mfupi. Nikaona kwamba wakidaiwa leo na kila mtu wanaweza kulipa, na kidogo kitabaki. Kisha nikaondoa mafuta yaliyomo matangini, kwa sababu mafuta si fedha mpaka yauzwe, nikagawa tena. Hapo fedha haitoshi. Nikaandika pembeni kwa penseli, "wanaishi kwa yaliyomo tangini," na nikamkumbuka baba na fimbo yake, nikafurahi peke yangu.

Faida ghafi ilikuwa nyembamba. Bei elekezi haiwaruhusu kupandisha watakavyo, kwa hiyo kila lita inawaachia kidogo, na anayeishi ni yule anayeuza lita nyingi. Mikopo ilikuwa mizito, riba inakula sehemu kubwa ya faida kabla mwenye hisa hajanusa. Nikafika kwenye uwiano ambao wenye hisa huutazama kwanza: faida kwa mtaji uliotumika. Mwaka wa nyuma yake ulikuwa mdogo wa kutia aibu. Katika ripoti mpya umepanda ghafla.

Lakini faida yenyewe haikuwa imepanda hivyo. Nikashika kichwa, nikaanza kutafuta.

Jibu lilikuwa chini ya mstari wa kugawa. Ukigawa faida ileile kwa mtaji mdogo zaidi, jibu linakua. Mtaji ndio ulikuwa umepungua. Kulikuwa na mali walizoziandika kwa thamani fulani mwaka uliotangulia, na sasa wameziandika sifuri. Hasara ya kuzishusha wameiweka mstari wake wa pembeni, wakaiita ya mara moja tu, ili isiichafue faida ya kazi. Kisheria hawajakosea popote. Nilivutiwa, kusema kweli. Nilijiona fundi aliyegundua msumari uliofichwa.

Maelezo ya mambo kama hayo huwa nyuma kabisa ya ripoti, kwa herufi ndogo, na wanafunzi wengi hawafiki huko. Mimi nilifika. Kwa Kiswahili chepesi yalisema kwamba vituo kadhaa vya mikoa ya pembezoni vimeshushwa thamani hadi sifuri, kwa kuwa fedha vinazotarajiwa kuleta katika miaka mitano ijayo hazifikii gharama za kuviendesha. Na mstari wa mwisho ukasema matarajio ya mauzo yametolewa na wasimamizi wa vituo wenyewe.

Nilisoma mara tatu.

Fomu ya matarajio ya kituo cha Kibondo niliijaza mimi.

Ilikuwa mwezi wa pili. Nilikuja nyumbani siku mbili, baba akanipa simu yake. Makao makuu wametuma fomu, maswali yote kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba ni kile cha kambini, cha kusoma majina ya mashirika kwenye milango ya magari. Swali kubwa lilikuwa moja: unatarajia kuuza lita ngapi kwa siku, kila mwaka, kwa miaka mitano ijayo? Kituo kilikuwa kinauza kama lita elfu mbili na mia tano siku ya kawaida, na siku za soko zaidi. Baba akafikiri kidogo.

"Andika elfu moja."

"Baba! Elfu moja? Hata siku ya mvua unauza mara mbili yake."

"Mwana wanje, andika elfu moja."

Kisha akanieleza, kwa sauti ile ya mtu anayemrithisha mwanawe kitu. Kambini kulikuwa na siku ya kuhesabiwa. Walikuja watu wa ofisi na makaratasi, kibanda hadi kibanda, wanauliza mna chakula kiasi gani, na kwenye kile kibustani mnatarajia kuvuna nini. Jirani yao mmoja alikuwa mtu wa furaha. Akasema maharage yake yamekubali, atavuna debe mbili. Mwezi uliofuata mgao wake ukapunguzwa, na maharage yenyewe yakapigwa na mvua ya mawe. Tangu siku ile safu nzima ya vibanda ilijua: ofisi ikikuuliza kesho utakuwa na nini, taja kidogo. Ukitaja kidogo hawakunyang'anyi, na ukipata zaidi watakusifu. Mama, aliyekuwa anapita na ndoo, akaunga mkono kwamba hata kwao Makere mtu hatangazi debe za maharage ambayo bado yana maua.

Nilimwona baba ana busara. Nikaandika elfu moja, mwaka wa kwanza mpaka wa tano. Na kwa kuwa fomu ilidai sababu, nikaiandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha darasani: wakimbizi wanarejea makwao, magari ya mashirika yanapungua, biashara itashuka. Kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Mimi nikaunyoosha ukweli huo ufike kwenye namba ya baba. Nikabonyeza kutuma, tukaenda kula.

Kuhusu yaliyomo tangini baba hakudanganya kamwe. Alidanganya kuhusu kesho tu, tena kwa adabu, na mimi ndiye niliyemwandikia.

Sasa mtu angedhani siku ile ya mwezi wa nane nilifunga kompyuta nikampigia simu. Ningependa sana kuwa mtu huyo. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi dukani kwa Bi Rukia nikajipa maneno. Kibondo haijatajwa kwa jina. Sifuri ya kwenye vitabu si kufuli la mlangoni, kampuni inaweza kuandika sifuri na pampu zikaendelea kuzunguka. Na kazi ilikuwa inatakiwa kesho yake, na sehemu ya ushauri ilikuwa tupu. Nilijua ni sentensi gani mhadhiri anaitafuta. Nikaiandika: menejimenti iendelee kuviondoa vituo visivyo na tija vya pembezoni ili kuimarisha faida kwa mtaji.

Mkono wangu haukutetemeka. Nasema hivyo kwa sababu katika hadithi watu wa namna hii mikono hutetemeka.

Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. "Uchambuzi makini sana," mhadhiri aliandika. Nikaipiga picha karatasi, nikamtumia baba. Akajibu: Hongera sana mwanangu, kampuni yetu imekuletea bahati. Ule ujumbe bado ninao. Nikiwa natafuta kitu kingine kwenye simu nauruka haraka nisiuone.

Mwezi wa nane bado palikuwa na nafasi. Msimamizi wa kanda alikuwa anapokea simu. Tungeweza kupeleka madaftari ya miaka kumi na tatu, yenye maandishi ya Mzee Zabroni kila ukurasa, tukasema jamani, mtu wetu alijishusha, hivi ndivyo tunavyouza. Pengine wangecheka na kurekebisha. Pengine wangefunga vilevile, maana ni kweli magari ya mashirika yamepungua, na kutoka pwani mpaka huku gari la mafuta linakula fedha njia nzima. Sijui. Hilo la kutojua ndilo linaloniamsha. Ningekuwa na hakika kwamba ni sisi, ningejuta nikamaliza. Ningekuwa na hakika kwamba si sisi, ningelala.

Barua ilikuja wiki tatu zilizopita. Kituo kitafungwa mwisho wa mwezi huu, "mauzo yanayotarajiwa hayaridhishi." Baba akashika hilo neno, hayaridhishi. Mauzo yake anayajua lita kwa lita. Akahitimisha kwamba kuna mtu amepeleka uongo; ile fomu yetu ya elfu moja haikumjia kichwani, kwake ilikuwa adabu tu. Na mtu mmoja tu alikuwa amefika ofisi ya kanda mwaka huu: Mzee Zabroni, aliyekwenda Kigoma mjini kutibiwa macho, akapita kuwasalimia. Ikawa basi. Baba hakuuliza wala hakugomba. Aliacha tu kumsemesha.

Alinipigia simu jioni ile. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mtu niliyekula naye sahani moja Mtabila."

Nilikuwa nimesimama kati ya misumari na makufuli. Ulimi ulikuwa na maneno mawili tu. "Pole, baba."

Pole, baba! Mtu anasoma shahada, anajua kusoma maelezo ya nyuma ya ripoti, anaweza kukuambia kampuni itaishiwa fedha mwezi gani, na hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Tangu barua ile baba anasoma fimbo mwenyewe na anaandika mwenyewe. Mama ndiye aliyeniambia. Mzee Zabroni hufika saa ileile ya kila siku, husimama kwenye pampu yake akiwa ameligeuzia tangi mgongo, anangoja kazi ianze.

Nilikuja juzi Ijumaa nikiwa nimeapa kusema. Ijumaa sikusema, jana sikusema. Leo tulikwenda kanisani. Tulipotoka, watu wamejibana chini ya paa wakingoja mvua ipungue, Mzee Zabroni akatupenyea. Amekonda. "Mwakeye, ndugu yangu," akamsalimia baba kwa Kirundi, akanyoosha mikono yote miwili, jinsi wanavyosalimiana hawa wawili tangu nikiwa mtoto, mmoja akimshika mwenzake mpaka kwenye kiwiko. Baba akatia mikono yake mifukoni mwa koti. Watu waliona. Mzee Zabroni akabaki mikono iko mbele, kisha akaitumia kurekebisha kofia, akashuka ngazi akaingia mvuani.

Nilisimama hapohapo kama mwizi. Mama akamtazama baba, baba akatazama mvua.

Baada ya chakula baba akaniletea fomu nyingine. Ndiyo, nyingine. Ilikuja pamoja na barua, ya kuombea mafao, inatakiwa kesho. Jina, namba, miaka ya kazi. Nikashika kalamu.

"Miaka andika kumi," akasema.

"Ni kumi na tatu, baba."

"Andika kumi. Ukidai kingi hawakupi hata kidogo."

Nilikuwa nimeshaandika moja. Ningeweza kuongeza sifuri. Kalamu ilikuwa pale pale kwenye karatasi, na baba ananitazama kwa imani ileile ya mwezi wa pili, na nilijua kwamba nikiiandika hiyo sifuri sitasema tena maisha yangu yote, na Mzee Zabroni atakufa akiwa msaliti.

Nikaandika tatu. Nikaiweka kalamu chini, nikafungua kompyuta, nikamwonyesha ule mstari. Nikamsomea kwa Kiswahili. Sikumficha kitu: fomu, sababu niliyoitunga, mwezi wa nane, ushauri nilioutoa, alama. Mama alikuwa jikoni, mvua juu ya bati inamfunika masikio.

Baba hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyowauliza watu wa gari la mafuta, swali moja moja.

"Elfu moja ile?"

"Ndiyo, baba."

"Na mauzo yetu ya miaka yote hawakuyaona?"

"Waliyaona. Waliamini yatashuka, kwa sababu sisi tulisema yatashuka. Walisema nani anaijua Kibondo kuliko msimamizi wa Kibondo."

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo cha kompyuta, kwenye ule mstari asioweza kuusoma.

"Mawe," akasema taratibu. Ndilo neno la Kirundi la kumwita mama mtu anapoumia. "Uzee wote huu, ofisi haijawahi kuniamini. Kambini hawakuniamini, kwenye uraia hawakuniamini, niliwaletea mashahidi mpaka wa kuzaliwa kwangu. Siku moja tu wameniamini."

Akaondoa kidole kwenye kioo, akanigeukia.

"Zabroni anajua?"

"Hajui chochote, baba. Hajawahi kusema chochote kwa mtu yeyote."

"Wewe ulijua lini?"

"Mwezi wa nane."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa namba na kuielewa. Akavaa viatu.

Saa kumi na moja na nusu. Naendelea, maana amerudi.

Amerudi amelowa mpaka shati la ndani. Alikaa kwenye stuli ya mlangoni, akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau mguuni. Mzee Zabroni hayupo. Baada ya ibada alifunga mizigo yake, akamkabidhi mwenye nyumba ufunguo, akapata gari la kwenda Nyabibuye kwa dada yake, maana mkewe alishafariki. Alimwambia mwenye nyumba kwamba kituo kinafungwa hata hivyo, na siku zilizobaki hazina haja. Aliacha fulana zake mbili za kampuni, zimefuliwa na kupigwa pasi, apewe msimamizi. Baba amezileta chini ya koti lake, hazikulowa sana.

Tumempigia. Simu imezimwa. Tumepiga tena.

Mama sasa anajua. Baba ndiye aliyemwambia, kwa Kiha, maneno machache, na nilisikia anasema "tulikosea", kwa wingi, wala hakunitenga. Afadhali angenitenga. Mama alinitazama muda mrefu akasema, "Miezi mitatu umekaa nalo tumboni," akarudi kwenye maharage yake. Mama akigomba huwa tunapona upesi, akinyamaza ndipo kuna kazi.

Najiuliza ile kampuni leo inafanya nini. Jumapili, ofisi zimefungwa, mtu fulani mwenye tai anacheza na watoto wake. Hana kosa lolote nikimtazama vizuri. Aliuliza swali, akajibiwa, akaigawa namba. Uwiano wao mwakani utakuwa mzuri zaidi, nami naweza kukuambia kwa nini kabla hawajauchapisha. Hakuna mstari kwenye mizania wa mikono miwili iliyonyooshwa mbele ya kanisa ikakosa wa kuipokea, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Mimi mwenyewe niliisoma mizania yote, nikiwa namjua Mzee Zabroni tangu nikiwa mgongoni, na sikumwona.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu ameshakuja, na amekaa.

Baba hajanisemesha tangu aliporudi. Alichukua fomu ya mafao, akaiangalia ile kumi na tatu, akaikunja akaitia ndani ya Biblia isilowe. Kisha akaenda kuitoa fimbo nyuma ya mlango, huwa analala nayo nyumbani tangu waibiwe ile ya kwanza, akakaa anaifuta kwa kitambaa, alama kwa alama, toka chini mpaka juu. Bado kuna siku tisa za kupima. Lazima zipimwe, kampuni ifunge isifunge. Nilimwangalia nikitaka aniambie lolote, hata tusi.

Alipofika juu ya fimbo akasema, bila kuinua kichwa: "Kesho saa kumi na mbili uje na kalamu."

Nimemwandikia Bi Rukia kwamba kesho sitafika dukani. Sijui kama ule ni msamaha, au ni kwamba fimbo inahitaji watu wawili.